Gari la Watoto na Mafiga Matatu

Ni desturi ya wanadamu kudhani kwamba kitu kikipunguzwa ukubwa, na hatari yake hupungua kwa kadiri ile ile. Panga huogopwa, lakini kisu cha kumenyea ndizi huachwa sakafuni mbele ya watoto. Ziwa huheshimiwa, lakini kisima cha uani husahauliwa kufunikwa. Desturi hii ndiyo iliyomponza fundi mmoja wa Bilele, katika mji wa Bukoba. Alikuwa mtu aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake chini ya mabehewa ya reli, akaja akakosea katika gari ambalo yeye na jirani mmoja waliweza kulibeba kwa mikono yao.

Bukoba haina reli, wala haijapata kuwa nayo. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 ikakomea ukingoni mwa ziwa. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi lake la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Upande wa magharibi wa ziwa uliachiwa meli. Kahawa ya Wahaya ilivuka maji kwanza ndipo ikaonana na gari la moshi, na watu hali kadhalika. Mtoto wa Bukoba au wa Muleba aliweza kukua, akaoa, akazeeka, bila kusikia mlio wa gurudumu la chuma juu ya chuma.

Fundi huyu aliusikia. Alivuka ziwa akiwa kijana, miaka michache kabla ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, akapata kazi katika karakana ya reli. Kazi yake ilikuwa ya chini kwa maana zote mbili: alilala chali shimoni, na juu ya uso wake lilisimama behewa zima. Alichokitazama kila siku ni kile kigari kifupi cha magurudumu manne ambacho mafundi hukiita bogi. Behewa refu hulala juu ya mabogi mawili, moja mbele na moja nyuma. Kila bogi lina ekseli mbili, springi zake, na pini ya katikati inayoliwezesha kugeuka njia inapopinda. Abiria huliona behewa, hulisifu au hulilaumu, bogi hawalioni. Walakini ni bogi linaloamua kama abiria huyo atafika.

Alipostaafu alirudi Bilele, katika kibanja cha baba yake. Mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, wajukuu zake waliiona katika simu, wakamzunguka kwa maswali. Je, Babu aliipanda? Je, yaenda kasi kuliko basi? Je, itakuja Bukoba lini? Swali la mwisho halikuwa na jibu analolijua yeye. Kwa hiyo aliwajibu kwa namna ya mafundi: alikwenda kununua chuma.

Reli aliyoikusudia ilikuwa ya kuzunguka migomba nyuma ya nyumba, duara refu lisilofika mita sitini. Upana kati ya reli na reli aliuchagua kuwa inchi saba na robo, yaani milimita 184. Kipimo hicho hutumiwa na wengi huko Uingereza ambao hujenga reli ndogo katika bustani zao na kuketi juu ya magari yake. Reli zenyewe zilikuwa vyuma bapa vilivyosimamishwa kwa ubavu, na mataruma yalikuwa ya mkaratusi. Magurudumu manane yalikerezwa na kijana mwenye mashine ya kukerezea mjini, kila moja na ukingo wake wa ndani wa milimita sita, maana ukingo huo ndio mlinzi pekee anayelizuia gurudumu lisiiache reli. Juu yake kulikuwa na ubao mrefu wa kukalia watoto sita waliopanua miguu kama wapanda farasi. Injini haikuwako. Watoto wakubwa wangesukuma, wadogo wangepanda, kisha wangebadilishana.

Katika yote hayo hakuweka springi hata moja. Alizijua springi kama mkulima anavyolijua jembe, lakini hapa aliziona kuwa mapambo. Alichomelea vyuma vya bogi pembe kwa pembe hadi bogi likawa gumu kama jiwe, akaufunga ubao juu ya mabogi yote mawili kwa viegemeo vya pembeni, kushoto na kulia, ili usiyumbe. Jirani alipomwuliza kama haitakuwa na kishindo, alicheka. Alisema hiki ni kitu cha watoto.

Siku za kwanza mambo yalikwenda vyema. Watoto wa mtaa walipanga foleni tangu asubuhi, na kelele zao zilisikika barabarani. Kisha mvua za masika zikanyesha, na mvua ya Bukoba si mgeni wa saa moja. Udongo ulilainika upande mmoja, ukashuka. Jumamosi moja gari lilipofika kwenye mpindo karibu na shina la mwisho la migomba, gurudumu moja la mbele lilipanda juu ya reli bila sauti, likashuka upande wa pili, na ubao ukalala ubavu. Watoto watano waliinuka wakicheka. Wa sita, mjukuu wa fundi mwenye umri wa miaka saba, hakuinuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiwiko.

Mama wa mtoto huyo ni binti wa fundi. Alirudi kutoka hospitali jioni, mtoto akiwa amelala begani na mkono umefungwa plasta. Hakupaza sauti. Alisimama mlangoni akasema, "Tata, sikuambii uivunje. Ni chuma chako na ni kibanja chako. Ila mwanangu hataipanda tena, wala mtoto wa mtu mwingine hataipanda mbele ya macho yangu."

Fundi alijibu, "Nimesikia, mama." Halikuwako neno jingine la kusema. Baba wa Kihaya hakuzoea kukemewa na binti yake, na binti alijua hivyo. Lakini wote wawili walijua pia kwamba haki ilikuwa upande gani.

Gari lilikaa miezi mitatu chini ya mapaa ya nyumba likishika kutu. Watu walimwambia maneno ya faraja: ajali haina kinga, watoto huanguka hata mitini, mfupa wa mtoto huunga upesi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililomsaidia. Fundi hawezi kufarijiwa kwa jambo asilolifahamu. Mkono wa mjukuu ulipofunguliwa plasta, alilichukua gari usiku usiku, kama mtu anayeona haya, akalirudisha pale pale lilipoanguka, akawasha taa.

Kwanza aliilaza pimamaji juu ya reli. Kati ya mahali pa bogi la mbele na mahali pa bogi la nyuma, reli ya kulia ilikuwa imeshuka milimita nne kuliko ya kushoto. Milimita nne ni unene wa sarafu mbili zilizowekwa pamoja. Jicho haliwezi kuziona katika majani. Kisha alichukua kisu cha ubapa mwembamba akajaribu kukipitisha chini ya kila gurudumu. Chini ya magurudumu sita hakikupita. Chini ya mawili, kwenye pembe moja ya mbele, kilipita bila kugusa kitu. Magurudumu hayo yalikuwa yananing'inia hewani. Gari la magurudumu manane lilikuwa limesimama juu ya sita, na ukingo wa milimita sita ulikuwa umebakiwa na milimita mbili tu za kumlinda mtoto. Palipotokea mpindo na mtoto mmoja akainama kuchuma jani, hizo mbili nazo zilikwisha.

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa akikiangalia miaka yote bila kukitazama. Mpishi wa kwetu huinjika chungu juu ya mafiga matatu. Hakuna aliyemfundisha hesabu, lakini ajua kwamba mafiga mawili hayainjiki chungu, na ajua pia, ingawa hasemi, kwamba manne ni usumbufu. Matatu hukaa imara juu ya ardhi yoyote, iwe sawa au iwe na mashimo, maana ncha tatu hupata uwanda wao daima. La nne likiwa fupi kidogo, chungu huyumba. Likiwa refu kidogo, moja katika yale mengine halibebi kitu. Gari lake gumu lilikuwa chungu juu ya mafiga manne. Lilihitaji ardhi isiyo na kosa, na ardhi ya namna hiyo haiko Bilele wala duniani.

Wenye reli kubwa walijifunza jambo hili kwa gharama. William Chapman wa Uingereza alipata hataza ya bogi mwaka 1812, kabla ya reli za abiria kuenea. Wamarekani walipokuwa wakiagiza injini za Kiingereza katika miaka ya 1830, waliona kwamba injini zilizotengenezwa kwa fremu ngumu na kwa njia iliyotandazwa vizuri hazikupatana na reli zao, ambazo zilikuwa nyepesi, zenye mipindo mikali, na zimelazwa kwa haraka katika nchi kubwa. John Jervis aliweka bogi la kuongoza mbele ya injini yake mwaka 1832. Joseph Harrison wa Philadelphia alipata hataza mwaka 1838 ya mtambo unaogawanya uzito kati ya magurudumu, hata injini nzima ikawa imeegemea mahali patatu tu. Hawakuweza kuinyosha nchi. Basi walilifundisha gari kuifuata nchi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili lilimtia fundi haya kuliko lile la kwanza. Reli ya behewa alizozifanyia kazi zina upana wa milimita 1,000. Yake ilikuwa na 184, yaani imepunguzwa zaidi ya mara tano. Ukingo wa gurudumu ulipunguzwa, kimo cha reli kilipunguzwa, taruma lilipunguzwa. Mtoto hakupunguzwa. Kilo zake ishirini na tano zilibaki ishirini na tano, na mfupa wa mkono wake ulibaki ule ule. Tena aliketishwa juu kuliko upana wa njia iliyombeba, mara mbili na zaidi. Watu wa Bukoba hawahitaji kuambiwa maana ya chombo kilichozidiwa na mzigo na kukosa msimamo. Tangu tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu, somo hilo liko katika nyumba zao. Fundi alilijua somo hilo katika maji. Hakufikiri kwamba lingemfuata hadi uani.

Kwa hiyo kitu cha watoto hakikuwa kitu kidogo. Kilikuwa kitu kigumu kuliko kikubwa, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba na mzigo ulikuwa ule ule.

Alianza upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na nchi yenyewe ni ya wahunzi. Karibu na Kemondo wachunguzi wa mambo ya kale, Peter Schmidt na wenzake, walifukua matanuru ya chuma ya kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, na mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliijenga tena tanuru ya namna hiyo kwa kumbukumbu, wakayeyusha chuma mbele yao. Mtu wa nchi hiyo hana udhuru wa kuogopa tindo na tupa.

Alikata maungo aliyoyachomelea. Ubao wote aliushusha hadi mtoto akaketi chini iwezekanavyo bila miguu kugusa mataruma. Bogi la nyuma aliliachia viegemeo viwili vya pembeni. La mbele aliliondolea vyake, akauacha ubao ulale juu ya pini ya katikati peke yake, uweze kuinama kushoto na kulia. Viwili nyuma na kimoja mbele: mafiga matatu.

Zikabaki springi. Ubao na vyuma vyake ulikuwa na uzito wa kilo 50, watoto sita kilo 150, jumla 200. Magurudumu manane, springi nane, kila moja kilo 25. Alikwenda gereji, akapewa springi za klachi ya lori, fupi na nene, za kupendeza machoni. Aliweka moja katika bomba, akaweka juu yake mfuko wa unga wa kilo 25, akapima. Ilishuka chini ya milimita mbili. Springi kama hiyo ni chuma kilichojikunja bure. Jina lake ni springi, lakini tabia yake ni nondo. Alirudi gereji akachagua springi za vavu za injini ndogo. Mfuko ule ule ulizishusha milimita kumi. Hapo aliridhika, kwa sababu sasa reli ikishuka milimita mbili au tatu chini ya gurudumu moja, springi ingenyooka na kulisukuma gurudumu lifuate chini, wala haingelikwisha nguvu.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa springi zafanya hivyo, mafiga matatu ya nini? Fundi alijiuliza pia, na jibu alilipata kwa hesabu fupi. Gari likiwa tupu, kila springi hubeba kilo sita na kidogo tu, na hushuka milimita mbili na nusu. Njia ikipotoka milimita nne, springi tupu hupoteza sehemu ya nguvu yake ya kulisukuma gurudumu. Ubao unaoinama huchukua upotovu mkubwa kati ya bogi na bogi. Springi huchukua upotovu mdogo ndani ya bogi lenyewe. Kimoja hakiwezi kazi ya kingine.

Akaona na tatizo la tatu. Springi laini isiyozuiwa hucheza. Alipolisukuma gari lenye mifuko ya mchanga, liliruka-ruka kama mbuzi aliyefunguliwa, na kila mruko ulipunguza uzito juu ya reli kwa dakika ambayo uzito ulihitajika. Alikata vipande vya mpira wa gurudumu kuukuu akavikaza pembeni mwa masanduku ya ekseli, visugue kidogo yanapopanda na kushuka. Chini ya kila springi aliweka kikomo cha chuma, ili mtu mzima akipanda kwa ujinga, bogi likae juu ya kikomo na springi isivunjike. Kukubali kuinama ni jambo jema, lakini kuinama pasipo kiasi ni kuanguka kwa namna nyingine.

Majaribio yalichukua wiki tatu. Kwanza mifuko ya mchanga, kilo 150, ikasukumwa mizunguko mia. Kisha aliweka kipande cha bati chini ya taruma moja kuipotosha njia kwa makusudi, milimita nne, halafu sita, na kila mara alipiga magoti na kisu chake. Kisu hakikupita popote. Kisha alipanda yeye mwenyewe, mzee wa mvi, magoti yakifika kidevuni, akisukumwa na jirani. Na watoto waliotazama kutoka juu ya ua walicheka hadi wakaanguka wenyewe.

Hakumwita binti yake. Ahadi aliyopewa mlangoni aliiheshimu, na hakutaka kumshawishi mama kwa vilio vya mtoto. Ni binti aliyekuja, Jumapili moja baada ya ibada, akiwa bado na vazi lake la kanisani. Alisimama kando ya njia muda mrefu. Akauliza kile kisu ni cha nini, kwa maana alikuwa amemwona baba yake mara nyingi akikitumia. Fundi alimwonyesha. Alimpa kisu akamwambia ajaribu mwenyewe, popote apendapo.

Binti alipiga magoti katika majani mabichi bila kujali vazi. Alijaribu gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, hadi la nane. Akaomba gari lisogezwe mpaka kwenye mpindo, pale pale, akayajaribu yote tena. Alipomaliza alifuta kisu kwa jani la mgomba, akamrudishia baba yake.

"Waitu," alisema, "nisukume mimi kwanza."

Alizungushwa mara tatu. Hakusema kama ilikuwa vizuri au vibaya. Aliposhuka, alimwita mtoto wake, akamketisha katikati, si mbele wala nyuma, akatembea kando ya gari mzunguko wote, mkono wake ukiwa karibu na bega la mtoto bila kuligusa.

Yapo mambo mengi katika maisha ambayo wakubwa huyafanya kwa ugumu kwa sababu ni ya watoto tu: dawati la shule, daraja la mti juu ya kijito, neno linalosemwa kwa haraka jioni. Hudhaniwa kwamba mdogo hahitaji springi. Lakini njia ya mtoto ndiyo nyembamba, na mzigo anaoubeba juu yake, ambao ni uhai wake wote, haukupunguzwa hata kidogo. Fundi wa Bilele angali anacho kile kisu. Kila mvua kubwa ikikatika, kabla ya mtoto yeyote kuruhusiwa kupanda, huonekana nyuma ya nyumba akipiga magoti kando ya reli yake, na pengine binti yake hupiga magoti upande wa pili.